Nimwambieje mtu mzima kwamba simu yake inanivurugia kazi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, maeneo ya Posta. Ofisi yetu ni ndogo. Bosi ana chumba chake, sisi wengine sita tumebanana kwenye chumba kimoja, meza zinatazamana. Kazi yangu ni kuandaa kadhia za mizigo inayoingia, yaani zile taarifa za mzigo zinazopelekwa forodha: nachukua nyaraka za mteja, naingiza kwenye mfumo namba za kontena, thamani ya mzigo na namba ya ushuru ya kila bidhaa, halafu natuma. Ni namba tupu kutoka asubuhi mpaka jioni. Kontena moja lina herufi 4 na tarakimu 7, namba ya ushuru ina tarakimu 8. Ukipishanisha hata moja unaweza kurudishwa nyuma, mzigo unakaa bandarini, mteja anaanza kulipia hifadhi, na lawama zinakuja kwenye meza yako.

Anayekaa mbele yangu ni mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Yeye ndiye anayefuatilia magari na utoaji wa mizigo. Naomba uelewe kwamba simchukii. Nilipoajiriwa sikujua lolote, na ndiye aliyenikalisha chini akanionyesha namna ya kusoma kitabu cha ushuru, bidhaa gani inaangukia wapi, na ujanja wa kugundua ankara yenye mashaka. Wengine walikuwa hawana muda na mimi.

Tatizo ni tabia zake za kila siku. Asubuhi akishaweka mkoba tu, anafungua WhatsApp. Yuko kwenye magrupu ya ukoo, ya kikoba, ya kwaya na ya kamati za harusi, na huko watu hawaandiki, wanatuma voisi. Anaweka simu mezani, spika juu, sauti mwisho. Mimi naandika M, S, K, U, naanza tarakimu, mara namsikia mweka hazina wa kamati: "Wapendwa, laki tatu na themanini imeshaingia, tumebakiza milioni moja na laki mbili." Nikirudi kwenye skrini sijui nilikuwa nimefika wapi. Narudia mwanzo. Kadhia iliyokuwa inanichukua nusu saa sasa naihakiki mara mbili mbili kwa woga. Madereva nao wakipiga kutoka bandarini anaweka spika, chumba kizima kinajua gari limekwama geti namba ngapi. Ukimwita kwa nyuma hageuki mpaka umguse bega, na ukimjibu jambo anakwambia, "Sema vizuri mwanangu, usimung'unye maneno."

Hilo ndilo kubwa, lakini si peke yake. Ananiazima hela ndogo ndogo, elfu mbili ya bodaboda, elfu tano ya mboga, "mshahara ukitoka nakupa," na ukitoka anasahau. Ameniingiza kwenye magrupu ya michango ya harusi za watu nisiowajua kabisa. Kiyoyozi anakizima akisikia baridi, bila kuuliza mtu, na Februari unaijua hapa kwetu. Mchana anapasha dagaa kwenye maikrowevu, harufu inakaa chumbani mpaka saa 10 jioni.

Mwenzangu mmoja ananishauri niweke maneno kwenye stetasi, atayaona na atajua ni yake. Mwingine anasema niende moja kwa moja kwa bosi. Mama yangu mzazi anasema ninyamaze, mtu mzima hasemwi na mtoto, hasa kwa kuwa mkataba wangu unahuishwa Desemba na yule mama anasikilizana sana na bosi. Roho inaniuma kila asubuhi nikipanda ngazi. Nifanye nini, Shangazi?

Binti wa Posta

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeniletea kero tano, na naomba nne uziweke pembeni kwanza. Ukimwendea mtu mzima na orodha ya simu, hela, michango, kiyoyozi na dagaa kwa mpigo mmoja, atasikia kitu kimoja tu: kwamba humpendi. Tabia moja mtu anaweza kuirekebisha. Akiambiwa tano anajitetea. Tushike simu, kwa sababu ndiyo inayogusa mkate wako, na nyingine nitazigusa baadaye.

Usijione una roho ndogo. Wanasaikolojia wamelipima jambo hili tangu miaka ya 1970. Mtu anayejaribu kushika mfuatano wa namba kichwani hukosea zaidi ikiwa pembeni yake kuna sauti ya mtu anayeongea. Hukosea hata kama ameamua kutosikiliza, na hata kama lugha inayozungumzwa haijui. Na kupunguza sauti hakusaidii sana, maana maneno yaliyotamkwa chini chini yanavuruga karibu sawa na yaliyotamkwa kwa nguvu. Kazi yako ni mfuatano wa namba, na unachosikia ni mweka hazina akitaja namba nyingine. Angekuwa karibu yako mtu wa kupokea wageni, au wa kufunga bahasha, huenda voisi zile zisingemdhuru. Wewe zinakudhuru.

Kwa hiyo usimwombe apunguze sauti. Atapunguza, wewe utaendelea kuchanganyikiwa, naye atakuona mtu asiyeridhika. Omba kitu kinachoondoa sauti kabisa kwenye masikio yako: voisi za magrupu azisikilizie nje, au kwa hedifoni, au azihifadhi mpaka saa ya chakula. Hiyo saa ni yake kweli kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60, na humo akitaka asikilize kwaya nzima.

Simu za madereva ziache. Ile ni kazi yake, na gari likikwama getini anatakiwa apokee hapo hapo, mikono ikiwa kwenye makaratasi. Ukizichanganya na voisi za harusi atakujibu kwamba unamzuia kufanya kazi, na atakuwa na haki. Hapo omba kidogo tu, kwamba simu ikirefuka asogee mlangoni.

Sasa kuna jambo uliloliandika kwa kupita, nami limenishika. Ukimwita kwa nyuma hageuki mpaka umguse bega. Ukisema anakuona unamung'unya. Simu sauti mwisho, na hata za kazini anaweka spika badala ya kuibana sikioni. Mimi si daktari, na sitaki kumtangazia mtu ugonjwa kupitia barua ya mwenzake. Lakini mtu akifika miaka hamsini na kitu masikio yake yanaweza kuanza kupungua nguvu, na mara nyingi zinaanza kupotea zile sauti nyembamba, kama s na f, hasa mahali penye kelele. Mwenyewe haoni kwamba hasikii. Anaona watu siku hizi hawasemi vizuri. Wakati mwingine si umri hata kidogo, ni nta tu imejaa sikioni, inatolewa na mtu anarudi kusikia kama zamani.

Sisemi ndivyo ilivyo kwa mama huyu. Nasema uende kwake ukiwa umeacha nafasi kwamba huenda ndivyo. Ukiamini anafanya makusudi, sauti yako itakuwa na ukali hata ukichagua maneno matamu, na watu wazima wanausikia ukali haraka kuliko maneno. Neno "kelele" usilitumie. "Mbona unaongeza sauti hivyo" pia iache. Na usimnunulie hedifoni ukamwekea mezani kama zawadi kabla hamjazungumza, maana zawadi ya namna hiyo ni kijembe kilichofungwa kwa karatasi nzuri.

Mama yako mzazi namheshimu, na ana hoja. Kwetu mtoto hamkosoi mtu mzima mbele za watu. Lakini mtoto anaruhusiwa kumwomba mtu mzima msaada, tena anaombwa afanye hivyo, na hapo ndipo njia yako ilipo. Wewe huendi kumrekebisha mama wa watu. Unakwenda kumwomba mwalimu wako akusaidie usiharibu kazi aliyokufundisha. Huo si ujanja wa maneno, ndio ukweli wenyewe wa barua yako.

Chagua siku tulivu. Mwisho wa mwezi usiende, wala asubuhi ambayo kuna mzigo umekwama. Mngoje mnapotoka kwenda kula, au ukibaki naye jioni wenzenu wametoka. Kaa mbele yake, anapouona uso wako, na sema taratibu, kwa sababu ile ile ya masikio. Kama mimi ningekuwa wewe ningesema hivi:

"Mama, samahani, nina jambo langu naomba unisaidie. Nikiwa naingiza namba za kontena, voisi za kwenye simu zinanichanganya. Najikuta nimesahau nilipofika, wakati mwingine nataka kuandika ile laki niliyoisikia. Naogopa siku moja nitaharibu kadhia ya mteja. Naomba zile za magrupu uwe unazisikilizia nje, au mchana, hasa kuanzia saa 2 mpaka saa 6 ninapokuwa na kadhia nyingi."

Ukishamaliza, nyamaza. Vijana wengi wanaharibu hapa. Wanaona kimya kimekuwa kizito, wanaanza kujitetea, wanaongeza na dagaa, wanataja na wenzao. Acha aongee yeye.

Anaweza kucheka na kusema, "Kumbe! Si ungeniambia siku zote." Wengi husema hivyo, nami naamini uwezekano huo ni mkubwa kuliko unavyoogopa. Anaweza pia kuuliza, "Kumbe mnakaa mnanisema?" Jibu lako ni moja, kwamba umekuja kwa ajili ya kazi yako wewe na hujatumwa na mtu. Na ili jibu hilo liwe la kweli, kuanzia leo acha kumjadili na wenzako. Wale wawili waliokushauri waambie umeshaamua, yaishie hapo. Tena anaweza kusema, "Mtoto wa juzi unanifundisha kazi?" Likija hilo, usibishane. "Hapana mama, nakuomba," inatosha. Akinuna siku mbili tatu, mwache anune, wewe endelea kumwamkia kila asubuhi kama kawaida na kumuuliza mambo ya kazi kama ulivyokuwa ukimuuliza.

Akisahau baada ya wiki, na atasahau kwa sababu mazoea ni mazoea, usirudie hotuba. Mwangalie, onyesha skrini kwa kidole, tabasamu. Ataelewa.

Habari ya masikio iache kwa siku nyingine kabisa, kama uhusiano wenu utaruhusu, na mkiwa wawili tu. Unaweza kusema, "Mama, mara nyingi nikikuita hunisikii, umewahi kuangaliwa masikio?" Idara za masikio, pua na koo ziko Muhimbili na kwenye hospitali nyingi za rufaa. Kama ni nta, ni jambo dogo. Kama si nta, bora ajue mapema. Likiwa gumu kulisema, mwachie mtu wa rika lake alifikishe.

Kuhusu stetasi, nakusihi usiweke. Najua wengi wanafanya, na najua inavyoleta raha ya dakika tano. Lakini mama huyu akiyasoma, hatajua umekerwa na voisi. Atajua tu kwamba umemtukana mbele ya watu wote wenye namba yako, pamoja na wateja. Hataweza kurekebisha asichokijua, wala hutaweza kukanusha, kwa sababu kila mtu pale ofisini ataelewa. Na sisi tunaoishi kwenye lugha ya mafumbo tunajua kwamba fumbo likishamfikia mwenyewe, hujibiwa kwa fumbo lingine. Mtajikuta mnarushiana maneno ya kwenye simu huku mnatazamana meza kwa meza, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilianza na mweka hazina wa kamati ya harusi.

Kwa bosi pia si sasa. Jiulize ukimpelekea atafanya nini. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ile ile zinamtaka mwajiri, kwa makosa madogo, aanze na kumwelekeza mfanyakazi na kumwonya. Maana yake bosi atamwita, atamwambia "umelalamikiwa," naye kwenye chumba cha watu sita atajua ni nani kabla hajarudi kwenye kiti chake. Umepata onyo la mdomo, umempoteza mwalimu. Kama umezungumza naye vizuri, ukakumbusha, na hakuna kilichobadilika, hapo nenda, lakini usipeleke mashtaka ya mtu. Peleka ombi la mpangilio: kwamba kwa ajili ya usahihi wa kadhia, chumba kizima kiwe na saa za utulivu asubuhi, simu za spika ziwe nje, na kama kuna uwezekano meza yako ihamie upande wa dirisha. Hilo linawahusu wote sita na halimtaji mtu.

Nitenganishe jambo moja kwa ajili ya wasomaji wengine. Haya yote ninayosema ni kwa kero. Mtu anayekushika mwili bila ridhaa, anayekutolea maneno ya kimapenzi usiyoyataka, au anayekudhalilisha kwa kabila, dini au jinsia yako, huyo si wa kuzungumza naye pembeni kwa upole. Sheria ya 2004 inaitaja bughudha ya namna hiyo kuwa ubaguzi, na hapo unakwenda kwa uongozi siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Sasa zile nne. Hela: zilizopita zisamehe moyoni, kwa sababu ukianza kudai elfu mbili za miezi iliyopita utaonekana unahesabu. Za mbele zizuie hapo hapo anapoomba: "Leo sina mama, nina ya nauli tu." Sema hivyo bila maelezo marefu, na hakikisha ni kweli kwa kubeba kidogo. Baada ya kusikia hivyo mara kadhaa ataelekea kwingine.

Michango ina uzito wake, na sitakwambia uikatae yote, kwa sababu siku yako ya kuchangiwa nayo inakuja. Jiwekee mwenyewe nani unamchangia: yeye akiwa na shughuli ya mtoto wake wa kumzaa, changa na uende ukapike. Mtoto wa jirani wa binamu yake, mwandikie faraghani, si kwenye grupu, kwamba hii hutaweza na unawatakia heri, halafu utoke kimya kimya. Kutoka kwenye grupu la watu usiowajua si utovu wa adabu.

Kiyoyozi ni la chumba kizima, mmoja wenu apendekeze kiwekwe nyuzi 24 au 25 na rimoti ikae mahali pa wazi. Anayesikia baridi aje na mtandio. Wewe usiwe wa kulianzisha, umeshabeba la simu.

Dagaa wake mwache ale. Fungua dirisha.

Nimalizie na Desemba, kwa sababu nadhani ndiyo hofu iliyokufanya uandike. Unadhani ukinyamaza utakuwa salama, lakini kinachoweza kukugharimu mkataba ni kadhia yenye namba iliyokosewa, siyo mazungumzo ya heshima na mama mmoja. Kosa likitokea na bosi akakuuliza, huwezi kujibu kwamba mwenzako alikuwa anasikiliza voisi. Atakuuliza kwa nini hukusema. Na kama kweli mama huyu anasikilizana na bosi, basi ni vizuri zaidi bosi asikie kutoka kwake kwamba yule binti alikuja kuniomba vizuri kwa ajili ya kazi, kuliko asikie kwamba yule binti siku hizi amenuna na hasemi na mtu. Zungumza naye wiki hii, kabla mwisho wa mwezi haujaingia na mizigo haijawabana.